Tishu Zinazouzunguka Uvimbe: Historia ya Usomaji wa Jeni katika Saratani ya Utumbo Mpana

Saratani ya utumbo mpana, ambayo katika vitabu vya tiba huhesabiwa pamoja na ile ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo kabla ya tundu la haja kubwa, ni miongoni mwa saratani za viungo vya ndani ambazo mara nyingi huponywa kwa upasuaji peke yake, ikiwa zimewahiwa. Kwa sababu hiyo, madaktari wameshughulishwa kwa karibu karne nzima na swali la jinsi ya kujua, baada ya uvimbe kutolewa na mshono kupona, ni mgonjwa yupi amepona kabisa na ni yupi ambaye seli chache za ugonjwa zilikwisha kutoroka kabla ya upasuaji na kutua kwenye ini au mapafu. Jibu la swali hilo lilitafutwa kwanza kwa macho na hadubini, kisha katika kromosomu, na tangu mwishoni mwa karne ya 20 katika upimaji wa maelfu ya jeni kwa mara moja. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosimuliwa hapa kwa kirefu, kwa kuwa iliwafikisha watafiti mahali ambapo wengi wao hawakukusudia kwenda: walizitafuta habari za hatima ya mgonjwa ndani ya seli za saratani, na sehemu kubwa ya habari hizo wakaikuta katika tishu za kawaida zinazozizunguka seli hizo.

Ubashiri wa kitaalamu wa ugonjwa huu ulipata msingi wake katika hospitali ya St Mark's ya London, ambayo Frederick Salmon aliianzisha mwaka 1835 ikiwa na vitanda 7 tu, kwa ajili ya maskini wenye maradhi ya puru, maradhi ambayo watu waliona haya kuyataja. Mwaka 1922 hospitali hiyo ilimwajiri Cuthbert Dukes kuwa mwanapatholojia wake, yaani daktari anayechunguza tishu zilizotolewa mwilini, naye, akisaidiwa na H. J. R. Bussey aliyeingia maabara akiwa bado kijana, alijenga utaratibu wa kukikagua kila kipande cha puru kilicholetwa kutoka chumba cha upasuaji. Kipande kilipasuliwa kwa urefu na kutandazwa, tezi za limfu zikatafutwa moja baada ya nyingine ndani ya mafuta yaliyokizunguka, kila moja ikaonyeshwa mahali pake kwenye mchoro wa kipande hicho, kisha ikakatwa vipande vyembamba sana na kutazamwa kwa hadubini. Mwaka 1932 Dukes alichapisha mpangilio wake wa herufi tatu: A ni uvimbe uliobaki ndani ya ukuta wa puru, B ni uvimbe uliouvuka ukuta huo bila kufika kwenye tezi za limfu, na C ni uvimbe uliokwisha kuzifikia tezi. Matokeo ya ufuatiliaji wa wagonjwa, ambayo Dukes na Bussey waliyachapisha mwaka 1958, yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano karibu wagonjwa wote wa A walikuwa hai, wa B walikuwa zaidi ya robo tatu, na wa C walikuwa karibu theluthi moja tu.

Mpangilio huo ulienea duniani kwa sababu haukuhitaji chombo chochote zaidi ya kisu, formalini, nta ya parafini na hadubini, na hata mpangilio wa kimataifa ulioufuata, unaohesabu kina cha uvimbe, tezi zilizoathirika na kuenea kwa mbali, ulilijenga jengo lake juu ya msingi uleule. Jambo jingine ambalo halikuonekana kuwa kubwa wakati huo lilikuja kuwa na thamani ambayo Dukes mwenyewe asingeweza kuikisia: vipande vya tishu vilivyohifadhiwa katika nta havikutupwa. Hospitali zilizojifunza desturi ya kuvitunza zilijikuta, miongo kadhaa baadaye, na ghala la uvimbe wa wagonjwa ambao mwisho wao ulikwisha kujulikana.

Udhaifu wa herufi hizo ulikuwa katika herufi ya kati. Wagonjwa wawili wa B wangeweza kufanana katika kila jambo lililoonekana kwa hadubini, kisha mmoja akaishi hadi uzeeni na mwenzake akarudi hospitalini baada ya miaka miwili akiwa na ini lililojaa vinundu. Udhaifu huo haukuwa na madhara makubwa maadamu hapakuwa na dawa ya kumpa mgonjwa baada ya upasuaji, lakini mwaka 1990 Charles Moertel na wenzake wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba wagonjwa wa C waliopewa fluorouracil, dawa ya kuua seli zinazogawanyika, pamoja na levamisole, ambayo kabla ya hapo ilijulikana zaidi kama dawa ya minyoo, walipungukiwa na hatari ya kufa kwa theluthi moja. Tangu hapo tibakemikali baada ya upasuaji ikawa kanuni kwa wagonjwa wa C, na kwa wagonjwa wa B ikawa mjadala. Jaribio la Uingereza lililoitwa QUASAR, lililokusanya wagonjwa 3,239 ambao wengi wao walikuwa wa B, ambayo pia huitwa hatua ya pili, liliripoti mwaka 2007 kwamba faida ipo lakini ni ndogo: katika kila wagonjwa 100 wanaopewa dawa, waokolewao ni kati ya 3 na 4. Wengine wote huvumilia vidonda vya mdomo, kuharisha na upungufu wa chembe nyeupe za damu bila faida yoyote, ama kwa kuwa walikwisha kupona kwa kisu, ama kwa kuwa dawa haitawafaa. Daktari anayeketi mbele ya mgonjwa wa namna hiyo anadaiwa ushauri ambao herufi ya Dukes haiwezi kumpa.

Elimu ya jeni ilitoa matumaini mapema. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa chuo kikuu cha Johns Hopkins walieleza jinsi kinundu kidogo cha utumbo kinavyogeuka kuwa saratani kwa kukusanya hitilafu katika jeni kadhaa, zikiwemo KRAS na TP53, na mwaka uliofuata ikatambuliwa jeni ya APC, ambayo kuharibika kwake ndiko kunakofungua mlango kwa uvimbe mwingi wa aina hii. Maelezo hayo yalifafanua vizuri ajabu jinsi ugonjwa unavyozaliwa, lakini yalisaidia kidogo tu kutabiri nani ataugua tena, kwa sababu hitilafu zilezile zilikutwa kwa waliopona na kwa waliokufa. Ugunduzi wa mwaka 1993 ndio uliokuwa na uzito zaidi katika ubashiri: baadhi ya uvimbe ulikutwa umepoteza uwezo wa kurekebisha makosa ya kunakili DNA, hivyo sehemu fupi za DNA zenye herufi zinazojirudia, ziitwazo maikrosateliti, zikawa zinabadilika urefu ovyo. Wagonjwa wenye uvimbe wa namna hiyo katika hatua ya pili kwa kawaida huwa na mwisho mwema kuliko wenzao, na kipimo chake kingali kikitumika hadi leo.

Usomaji wa udhihirikaji wa jeni ni jambo tofauti na usomaji wa hitilafu za jeni. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, lakini seli ya misuli na seli ya utando wa utumbo hutofautiana kwa sababu kila moja huzitumia baadhi tu na kuziacha nyingine zimelala. Jeni inapotumika, nakala yake hutolewa katika umbo la RNA mjumbe, molekuli inayopeleka maagizo ya kutengeneza protini, na wingi wa RNA hiyo ndio unaoonyesha jeni imedhihirika kwa kiasi gani. Njia ya kuipima RNA ya jeni moja ilibuniwa Stanford mwaka 1977, na kwa karibu miaka 20 watafiti walienda nayo hivyohivyo, jeni baada ya jeni. Mwaka 1995 maabara ya Patrick Brown, hukohuko Stanford, ilitangaza kwamba imepima jeni 45 za mmea mdogo wa Arabidopsis kwa wakati mmoja juu ya kipande cha kioo kilichodondoshewa vitone vya DNA, huku kampuni ya Affymetrix ikitengeneza chipu zake kwa kujenga DNA juu ya kioo kwa msaada wa mwanga, kwa ufundi unaokaribiana na ule wa chipu za kompyuta. Katika miaka michache idadi ya jeni juu ya chipu moja ilipanda kutoka makumi hadi maelfu.

Utumbo mpana ulikuwa miongoni mwa viungo vya kwanza kupimwa kwa njia hiyo. Mwaka 1999 Uri Alon, Arnold Levine na wenzao wa chuo kikuu cha Princeton walichapisha vipimo vya sampuli 40 za uvimbe wa utumbo mpana na 22 za utumbo usio na ugonjwa, zilizopimwa kwa chipu yenye jeni zaidi ya 6,500. Kompyuta ilipoachiwa kuzipanga sampuli kwa kufuata ufanano wa jeni zake pekee, bila kuambiwa ipi ni ya ugonjwa na ipi ni nzima, iliweza kuzitenga kwa kiasi kikubwa katika makundi mawili. Data hiyo ikageuka kuwa uwanja wa mazoezi wa wanatakwimu wa dunia nzima, na mbinu nyingi za kuainisha zilizobuniwa baadaye zilijaribiwa kwanza juu ya sampuli hizo 62.

Waandishi wenyewe, hata hivyo, waliona tatizo na kulieleza waziwazi, nao wanastahili sifa kwa uaminifu huo. Kipande cha utumbo mzima kina utando wa ndani, mishipa, tishu za kuunganisha na tabaka za misuli laini, ilhali kipande cha uvimbe hujaa zaidi seli zinazotokana na utando. Vyote viwili vikisagwa ili kutoa RNA, matokeo yake ni kama unga wa nafaka mchanganyiko: mizani hutoa uzito wa jumla bila kusema kilichotoka kwenye mahindi ni kipi na kilichotoka kwenye ulezi ni kipi. Kundi la Princeton lilitengeneza kipimo cha misuli kutokana na jeni zinazojulikana kuwa za misuli laini, likakuta kwamba sampuli nzima zilikuwa na kiwango cha juu na za uvimbe kiwango cha chini, na kwamba miongoni mwa sampuli zilizowekwa kwenye kundi lisilo lake zilikuwamo zile ambazo kiwango chake cha misuli kilikwenda kinyume na kawaida. Kwa maneno mengine, sehemu ya kile ambacho kompyuta ilikitambua kuwa saratani kilikuwa ni uchache wa misuli. Kwa miaka mingi iliyofuata jambo hilo lilichukuliwa kuwa uchafu wa kusafishwa, na maabara nyingi zikajitahidi kuchagua vipande vyenye seli nyingi za saratani kadiri iwezekanavyo.

Muongo uliofuata ulijaa orodha za jeni. Mafanikio ya kundi la Amsterdam, ambalo mwaka 2002 lilitoa orodha ya jeni 70 za kubashiri saratani ya matiti, yaliwatia hamu watafiti wa utumbo, na orodha zikatoka moja baada ya nyingine: mwaka 2004 ya jeni 23 kwa wagonjwa wa Dukes B, mwaka 2005 ya jeni 43 kutoka Florida, na nyingine nyingi. Orodha hizo zilikuwa na jeni chache mno za pamoja, jambo lililoleta mashaka ya haki. Sababu yake kubwa ilikuwa hesabu: mtafiti aliyekuwa na wagonjwa 70 au 80 na jeni elfu nyingi hakosi kupata jeni zinazoonekana kutabiri hatima ya wagonjwa wake, hata kama kwa wagonjwa wa hospitali nyingine hazitatabiri chochote.

Kazi iliyoonyesha subira ya kutosha ni ile iliyoripotiwa mwaka 2010 na Michael O'Connell na wenzake, wakishirikiana na kampuni ya Genomic Health ya California. Hapo ndipo vipande vya nta vilipolipa fadhila. Formalini huikata RNA vipande vidogovidogo, hivyo chipu za mwanzo zilitaka tishu mbichi iliyogandishwa mara moja, kitu ambacho hospitali chache zilikuwa nacho. Lakini kwa kupima vipande vifupi vya RNA jeni moja moja, ikawezekana kuusoma uvimbe uliowekwa katika nta tangu zamani. Wagonjwa 1,851 wa tafiti za Marekani walipimwa jeni 761, na katika hizo zikachaguliwa 7 za ubashiri na 5 za kulinganishia. Kipimo hicho kilijaribiwa upya kwa vipande vya wagonjwa 1,436 wa hatua ya pili kutoka QUASAR, na mwaka 2011 ikaripotiwa kwamba hatari ya saratani kurudi katika miaka mitatu ilikuwa asilimia 12 kwa kundi la chini, 18 kwa la kati na 22 kwa la juu. Kipimo kilikuwa cha kweli, lakini pengo kati ya 12 na 22 si pana kiasi cha kumfanya daktari aamue kwa moyo mkunjufu. Zaidi ya hayo, orodha nyingine ya jeni, iliyokusudiwa kuonyesha nani atafaidika na tibakemikali, ilishindwa katika jaribio hilohilo, na kina cha uvimbe kama kinavyoonwa na mwanapatholojia kikabaki kuwa shahidi mwenye nguvu.

Kuna jambo katika zile jeni 7 ambalo wakati huo halikuzungumzwa sana. Tatu kati yake, BGN, FAP na INHBA, hudhihirika hasa katika stroma, yaani tishu za kuunganisha zinazozishikilia na kuzilisha seli za saratani, na wingi wake ulikwenda pamoja na kurudi kwa ugonjwa. Kipimo kilichobuniwa kwa ajili ya saratani kilikuwa tayari kinawasikiliza majirani wake.

Ukweli huo ulidhihirika wazi mwaka 2015. Makundi sita ya watafiti, ambayo kila moja lilikuwa na mpangilio wake wa aina za saratani ya utumbo, yalikubali kuziweka data zao pamoja chini ya uratibu wa Justin Guinney na wenzake, na kutokana na wagonjwa zaidi ya 4,000 zikakubaliwa aina nne: ya kwanza, asilimia 14, imejaa seli za kinga, ya pili, asilimia 37, ni ile inayofuata njia iliyoelezwa na Fearon na Vogelstein, ya tatu, asilimia 13, ina mvurugiko wa matumizi ya chakula ndani ya seli, na ya nne, asilimia 23, imejaa jeni za tishu za kuunganisha, nayo ndiyo yenye mwisho mbaya kuliko zote. Asilimia zilizobaki hazikuingia katika aina yoyote. Wengi walikuwa wakidhani kwamba katika aina hiyo ya nne seli za saratani zenyewe zimejigeuza, zikaacha tabia ya seli za utando na kujitwalia wepesi wa kutembea.

Mwaka huohuo maabara mbili zililipima wazo hilo kwa njia mbili tofauti. Ile ya Candiolo, karibu na Torino nchini Italia, ilitumia vipande vya saratani ya binadamu vilivyopandikizwa kwa panya. Kipande kinapokua ndani ya panya, seli za saratani hubaki za binadamu, lakini stroma ya binadamu hufa polepole na nafasi yake kuchukuliwa na ya panya. Na kwa kuwa RNA ya panya hutofautiana na ya binadamu katika mpangilio wa herufi zake, iliwezekana kusema kila molekuli imetoka upande gani. Jeni zilizodhaniwa kuwa alama ya saratani iliyojigeuza zilikutwa zinatoka upande wa panya. Maabara ya Eduard Batlle ya Barcelona nayo ilizitenga seli za uvimbe wa wagonjwa kwa aina zake kabla ya kuzipima, ikafika palepale: jeni zilizotabiri mwisho mbaya zilitoka kwa fibroblasti, yaani seli zinazotengeneza nyuzi za tishu za kuunganisha, ambazo saratani huzichochea kwa kemikali iitwayo TGF-beta nazo zikaisaidia kuota mahali papya. Kilichoonwa kama uchafu mwaka 1999 kilikuwa ndicho chenye habari, ingawa safari hii palikuwa na fibroblasti badala ya misuli. Kundi la Jérôme Galon la Paris lilikwisha kuonyesha tangu mwaka 2006, kwa upande wa matumaini, kwamba wingi wa seli za kinga ndani na pembezoni mwa uvimbe huashiria uhai mrefu.

Afrika ya Mashariki imo katika historia hii kwa njia ambayo haipaswi kusahauliwa. Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alishangazwa na uhaba wa saratani ya utumbo mpana miongoni mwa Waafrika wa vijijini, na katika makala yake ya mwaka 1971 akaihusisha ile iliyokithiri Ulaya na Marekani na chakula kilichokobolewa na kupungukiwa nyuzinyuzi. Nadharia yake haikuthibitika yote, lakini iliufanya utumbo wa mkulima wa Uganda kuwa kipimo cha kulinganishia duniani. Leo madaktari wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam hawauoni tena ugonjwa huu kuwa wa nadra, na wagonjwa wengi huwafikia wakiwa wamechelewa. Hata hivyo, zile aina nne zilipatikana hasa kutokana na uvimbe wa wagonjwa wa nchi tajiri, na hakuna sababu ya kudhani bila kupima kwamba uwiano wake ni uleule kwa watu wenye chakula, umri wa kuugua na bakteria wa utumbo tofauti. Hilo ni pengo la elimu, na pia ni pengo la haki.

Kwa hospitali za aina hiyo, pengine kazi yenye manufaa ya karibu zaidi ni ile ya Piero Dalerba, Michael Clarke na wenzao, iliyochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2016. Wao waliipekua hazina ya vipimo vya chipu iliyokwisha kukusanywa na wengine, wakapata jeni 16 zilizoelekea kubainisha uvimbe usiokomaa, kisha wakajiuliza ni ipi kati ya hizo ambayo protini yake hupimwa tayari hospitalini. Ilikuwa moja tu, CDX2, ambayo huziagiza seli za utando kuwa seli za utumbo, na ambayo wanapatholojia walikuwa wakiitia rangi kila siku kwa madhumuni mengine. Uvimbe wenye seli zisizo na protini hiyo ni mchache, takriban 4 katika kila 100, lakini wagonjwa wake hufanya vibaya kuliko wenzao, na wale wa hatua ya pili waliopewa tibakemikali walionekana kufanya vizuri zaidi kuliko wale wasiopewa. Uchunguzi huo ulitazama nyuma kwenye kumbukumbu, hivyo hauna nguvu ya jaribio la kupangwa tangu mwanzo, na jeni yenyewe, tofauti na zile za stroma, ni ya seli ya saratani; lakini njia yake, ya kutumia chipu za gharama kubwa ili kupata rangi ya gharama nafuu, ni njia ambayo maabara yoyote yenye hadubini na kemikali za kinga za kutia rangi inaweza kuifuata.

Miongozo mikuu ya tiba bado haijavifanya vipimo vya udhihirikaji wa jeni kuwa sharti katika kuamua tibakemikali ya hatua ya pili, ilhali kipimo cha urekebishaji wa DNA hupendekezwa kwa kila mgonjwa mpya, hasa tangu mwaka 2020 ilipoonyeshwa kwamba wenye kasoro hiyo na ugonjwa ulioenea hufaidika na dawa za kuiamsha kinga kuliko tibakemikali. Vipimo vyote hivi, vya RNA na vya protini, hutegemea namna kipande kilivyotendewa katika saa zake za kwanza: kikichelewa kutiwa formalini iliyosawazishwa vizuri, au kikiachwa humo kwa wiki nzima kwa kukosa mtu wa kukishughulikia, RNA huvunjika na rangi hukataa kushika, na hakuna mashine inayoweza kuirudisha habari iliyopotea.